Shangazi wa Kompyuta: Nani aoshe kikombe?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Kisauni, niko mwaka wa pili chuoni na sasa nafanya mafunzo ya kazini. Nimeandika programu ndogo kwa lugha ya C. Naomba kumbukumbu, yaani nafasi kwenye RAM, kwa amri ya malloc, halafu kabla sijaandika chochote nasoma kilichomo. Kila nikijaribu napata sifuri tupu. Nikamwambia msimamizi wangu kwamba mfumo endeshi unatusafishia, kwa hivyo hakuna haja ya kuweka thamani za kuanzia. Akanicheka mbele za watu. Yeye asema malloc haisafishi kitu, na mfumo unaosafisha kumbukumbu unapoteza muda wa prosesa kwa ajili ya waandishi wavivu. Nani kati yetu ana haki? Na je, isingekuwa bora mfumo usafishe kila mara, yaishe?*
*Mtoto wa Kisauni*

Marahaba mwanangu. Wewe umekosea na msimamizi wako naye amekosea, ila wewe hukumcheka mtu.

Kesho jioni vuka daraja la Nyali uje mjini, uteremke mpaka Mji wa Kale, utafute muuza kahawa. Usinunue kwanza. Simama umtazame mikono. Ana dele lake juu ya makaa, ana vikombe vidogo visivyo na mkono, na chini ana ndoo ya maji. Mteja akimaliza na kuondoka, kikombe chake hakiendi kwa mwingine mpaka kimepita majini. Lakini yule mzee aliyekaa kwenye baraza tangu alasiri, akinyosha kikombe chake aongezwe, anamiminiwa hapo hapo. Hakuna anayekiosha na hakuna anayeona kinyaa. Mdomo ni ule ule.

Muuza kahawa ndiye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kila programu inayoendeshwa ni mteja. Kumbukumbu iliyotoka kwa programu moja haiingii mikononi mwa nyingine kabla haijajazwa sifuri, na hili halina mjadala, si kwenye Linux wala kwenye Windows. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliweka vigezo vyake vya usalama wa kompyuta mwaka 1983, katika kitabu kilichokuja kujulikana kwa rangi ya jalada lake la chungwa. Humo sharti hili liliandikwa wazi: kitu kikitumiwa tena na mwingine, kisibaki na alama ya mtumiaji wa kwanza.

Malloc si muuza kahawa. Malloc ni yule mzee wa barazani mwenyewe, na kikombe kishakuwa chake. Inaomba kumbukumbu kwa kerneli kwa jumla, kwa kurasa za baiti 4,096 kwenye kompyuta nyingi tunazotumia, kisha inakukatia vipande. Ukirudisha kipande kwa free, mara nyingi hakirudi kwa kerneli. Kinakaa humo humo ndani ya programu yako, na ukiomba tena kipande cha ukubwa ule, unapewa kile kile na mabaki yake. Hapo msimamizi wako kasema kweli.

Mbona basi wewe unaona sifuri? Kwa sababu programu yako inaomba mara moja, inasoma, inakufa. Vikombe vyote vimetoka ndooni sasa hivi. Hebu fanya hivi: omba baiti 64, andika humo «Kilindini, Mombasa, kontena la mitumba», rudisha, omba tena baiti 64, kisha chapisha baiti moja moja bila kuandika kitu. Kwenye Linux ya kawaida utakuta baiti kama 16 za mwanzo zimevurugwa, maana malloc hutumia nafasi hiyo kujiwekea alama zake, na baada ya hapo mkia wa maneno yako umelala pale pale. Mwonyeshe msimamizi wako, mtacheka pamoja.

Na muuza kahawa mwenyewe ni mjanja kuliko anavyodhani msimamizi wako. Ukiomba kurasa mia kwenye Linux, hakuoshei vikombe mia. Anangoja. Ukisoma ukurasa ambao hujauandikia, anakuelekeza kwenye ukurasa mmoja tu wa sifuri ambao programu zote zinautazama kwa pamoja. Ni siku utakayotaka kuandika ndipo anachukua wa kwako na kuujaza sifuri. Windows nayo kwa miaka mingi ina kijikazi cha ndani chenye daraja la chini kuliko kazi zote, kinachoosha kurasa wakati prosesa haina shughuli, kama muuza kahawa anayesuuza vikombe wakati watu wamekwenda kuswali magharibi. Ndiyo maana calloc, ndugu yake malloc anayeahidi sifuri, ukiiomba kipande kikubwa inaweza isisafishe kitu: inajua kurasa zimetoka kwa kerneli zikiwa safi.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Je, malloc nayo isafishe?

Nikiwa na umri wa msimamizi wako ningekujibu kama yeye, tena kwa kiburi zaidi. Mwaka 2001 niliandika programu ya ankara kwa kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa mjini, jina nalihifadhi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu siku ambazo kontena limelala bandarini, kuondoa siku za bure, kuzidisha kwa ada na kuchapa. Niliijaribu kwangu ankara moja moja: naifungua, nachapa, naifunga. Kila kitu sawa. Nikaipeleka, nikalipwa nusu.

Siku ya tatu nikaitwa. Mhasibu hakusema neno, alinisukumia karatasi juu ya meza. Ilikuwa ile karatasi ya printa ya sindano, yenye matundu ubavuni, na wino umefifia upande wa kushoto. Mteja wa mchele. Kwenye safu ya siku palichapwa 1,431,587,149. Kontena limelala Kilindini karibu miaka milioni nne. Safu ya pesa ilikuwa imejaa ikamwagika, inaonyesha namba hasi, yaani sisi ndio tunaodaiwa na mteja.

Nikalala na karatasi ile siku mbili. Kwa nini namba hiyo na si nyingine? Usiku wa pili nikachukua kikokotoo, nikaanza kuigawa kwa 256, maana namba ya baiti nne ukiigawa hivyo inakupa baiti zake moja baada ya nyingine. Baki la kwanza 77. La pili 73. La tatu 84. Lililobaki 85. Nikafungua jedwali la herufi: 77 ni M, 73 ni I, 84 ni T, 85 ni U.

MITU.

Mteja aliyetangulia alikuwa wa mitumba. Kipande kilichobeba maelezo ya mzigo wake kilirudishwa kwa free, malloc ikakichukua na kumpa mteja wa mchele, na mimi nilikuwa na njia moja ndani ya msimbo, kwa kontena lisilo na tarehe ya kutoka, ambayo haikuandika chochote kwenye nafasi ya siku. Kwangu haikuonekana kwa sababu nilifungua na kufunga. Kwao programu ilikuwa wazi tangu saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, na vikombe vimeshazunguka mara mia.

Mwanangu, kisa hiki nimekigeuza geuza kichwani miaka yote hii, na kila nikikigeuza kinanipa jawabu tofauti.

Kwanza nilisema: lau malloc ingekuwa inasafisha, pasingetokea fedheha ile. Kisha nikajiuliza, pangetokea nini? Siku zingekuwa sifuri. Ankara ingetoka nadhifu, ada hakuna, mteja wa mchele angeshukuru Mungu na kunyamaza. Kosa langu lingebaki mle ndani likila pesa za watu polepole, na tungeligundua mwisho wa mwaka au tusiligundue kabisa. Takataka ilipiga kelele. Sifuri inafanana mno na ukweli. Hii ndiyo hoja nzito ya wanaokataa kusafisha, si hii ya kuokoa muda anayokuambia msimamizi wako. Isitoshe, zipo zana kama Valgrind ambazo kazi yake ni kukukamata ukisoma mahali ambapo hukuandika. Ukisafisha kila kitu mapema, unaipofusha zana.

Halafu nikaitazama karatasi ile kwa jicho jingine. Herufi nne za mzigo wa mfanyabiashara mmoja zimechapwa kwenye ankara ya mfanyabiashara mwingine. Leo ni MITU. Kesho ni nambari ya siri ya benki. Programu ni moja, sawa, lakini waliomo ndani ya programu ile si mtu mmoja. Seva inahudumia watu elfu kwa kikombe kile kile huku ikijidai ni yule mzee wa barazani. Ulimwengu uliliona hili mwaka 2014, kwenye kosa lililoitwa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya msimbo ambayo seva nyingi huitumia kuficha mawasiliano yao. Mtu wa mbali aliweza kuiomba seva imrudishie data nyingi kuliko aliyotuma, na kila ombi lingeweza kumletea hadi kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu, nywila na funguo zikiwemo. Kusafisha kusingeziba kosa lile, maana data iliyokuwa ikitumika wakati ule ingevuja tu, lakini mabaki ya waliokwisha kuondoka yangekuwa yamefutwa.

Wenye mifumo mikubwa wameshachagua upande. Linux toleo 5.3, la mwaka 2019, lilileta vitufe viwili kwa kumbukumbu ya kerneli yenyewe: kimoja husafisha inapotolewa, kingine inaporudishwa. Gharama yake wameiandika wenyewe kwenye maelezo. Kusafisha wakati wa kutoa, kazi nyingi hupungua kasi kwa chini ya asilimia 1, na majaribio ya kubuni yamefika 7. Kusafisha wakati wa kurudisha ni ghali zaidi, asilimia 3 hadi 5, na ya kubuni hadi 8. Sababu unaiona pale pale kwa muuza kahawa: ukiosha kikombe na kumimina papo hapo, kikombe kimo mkononi. Ukikiosha na kukiweka pembeni, baadaye lazima ukitafute tena, na kwa prosesa «kutafuta tena» ni safari ndefu kutoka kwenye akiba yake ya karibu hadi kwenye RAM. Microsoft nao, kwenye Windows 10 ya mwaka 2020, waliwaletea waandishi wa draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, njia mpya ya kuomba kumbukumbu inayojaza sifuri bila kuambiwa. Anayetaka chafu lazima aiombe kwa kuandika.

Hapo ndipo niliposimama na mimi. Isafishwe kwa kawaida, na anayetaka chafu aseme kwa mdomo wake. Mtu anayesoma picha ya megabaiti 100 kutoka kwenye diski hana sababu ya kujaza sifuri halafu ajaze picha juu yake. Huyo na aseme. Rekodi ya mteja, fomu, ankara, yote mimi naomba kwa calloc na sioni haya.

Lakini hiyo ni kwa programu iliyo kazini. Kwenye karakana, unapojaribu, fanya kinyume: jaza uchafu makusudi. Kompaila ya Microsoft, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ikiwa kwenye hali ya majaribio hujaza kumbukumbu mpya kwa baiti 205 na iliyorudishwa kwa 221. OpenBSD, mfumo endeshi mwingine, hutia 223 kwenye vipande vilivyorudishwa. Namba hizo hazifanani na siku wala shilingi, ukiziona kwenye ankara utajua una kosa kabla mhasibu hajakusukumia karatasi. Na sifuri ya calloc usiihesabu kuwa ni thamani uliyoweka wewe. Siku hizi kwenye programu zangu siku isiyojulikana ni hasi moja, naiandika kwa mkono.

Msimamizi wako mpe salamu zangu. Nusu ya pili ya malipo yangu sikuipata.

*Assalamu aleikum Shangazi. Nina saiba ndogo Likoni, karibu na feri. Watu wanaingia kwenye huduma za serikali na benki, wanaandika nywila, wanafunga kivinjari na kuondoka. Je, nywila inabaki kwenye RAM? Mteja anayekalia kiti baada yake anaweza kuisoma? Nizime kompyuta kila mteja akitoka?*
*Mwenye saiba*

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Kubaki, inabaki. Kivinjari kikifungwa, kurasa zake zinarudi kwa kerneli, lakini kwa kawaida haziandikwi sifuri dakika hiyo. Vikombe vichafu vimekaa kwenye sinia vinangoja zamu. Mteja wako wa pili hawezi kuvifikia kwa programu ya kawaida, kwa sababu kila atakachopewa kitakuwa kimeoshwa. Wa kuhofiwa ni mwenye mamlaka ya msimamizi wa mashine, au aliyeishika mashine yenyewe mkononi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton pamoja na wenzao walionyesha kwamba RAM ikikatwa umeme haifutiki papo hapo, na ukiipoza kwa kopo la hewa lililopinduliwa inashikilia yaliyomo kwa dakika kadhaa. Joto la Likoni liko upande wako, maana chipu yenye joto husahau upesi, na sidhani mteja anayekuja kuchapa wasifu wake amebeba kopo.

Cha kukusumbua ni diski. RAM ikijaa, mfumo unahamishia sehemu yake kwenye faili ya akiba kwenye diski, na ukiilaza mashine kwa lala ya kina (hibernate) badala ya kuizima, unaandika kwenye diski karibu yote yaliyokuwa kichwani. Diski haisahau umeme ukikatika. Kwa hiyo lala ya kina izime kabisa kwenye mipangilio. Windows ina mpangilio wa kufuta faili ya akiba kila unapozima. Kuzima kutachukua muda zaidi, vumilia.

Ila nikuambie ukweli, unahangaika na mlango wa nyuma na wa mbele uko wazi. Juzi nilikaa kwenye saiba moja nichape barua, nikafungua folda ya vilivyopakuliwa nikahifadhi faili yangu. Nilikuta vyeti vya kuzaliwa vinane, nakala za vitambulisho, na taarifa ya benki ya mtu. Kivinjari nacho kilikuwa kinanipendekezea nywila za watu nisiowajua. Weka akaunti ya mgeni inayojifuta mteja akitoka, kataza kivinjari kuhifadhi nywila, na futa ile folda kila jioni kabla hujafunga mlango. Kuzima kompyuta kila mteja akitoka kutakukimbiza wateja tu, watavuka ng'ambo.

*Shangazi, naandika programu ya malipo hapa Changamwe. Kabla ya kurudisha kumbukumbu yenye PIN naijaza sifuri kwa memset. Mwenzangu asema kompaila inaifuta memset yangu. Ananitania?*
*P., Changamwe*

Hakutanii. Kompaila inaona unaandika sifuri mahali ambapo hapana atakayesoma tena, kwa sababu mstari unaofuata ni free. Kwa hesabu yake hiyo ni kazi bure, na ukiiambia iongeze kasi, inaiondoa. Lugha inairuhusu, na haikuarifu.

Tumia explicit_bzero, iliyotengenezwa kwa shida hiyo hiyo. OpenBSD wanayo tangu 2014, na maktaba ya glibc ya Linux tangu toleo 2.25 la mwaka 2017. Kwenye Windows ni SecureZeroMemory. Hizo kompaila haina ruhusa ya kuzigusa.

Halafu angalia kama PIN ile imewahi kupita kwenye realloc. Realloc ikikosa nafasi ya kutanua kipande, inahamia kwingine, inanakili yaliyomo, na kile cha zamani inakirudisha kama kilivyo, PIN ndani, bila kukuambia. Utasafisha kipya na cha zamani kimelala. Kwenye msimbo wa malipo niliowahi kuukagua, memset ilikuwa moja na realloc tatu. Zako hebu zihesabu.